Arobaini kwa arobaini: padeli ya visiwani isiikimbilie pointi ya dhahabu

Padeli, mchezo wa raketi wa jamaa ya tenisi, imeingia Unguja kwa mlango wa hoteli na nyumba za wageni za mwambaoni, lakini haikukaa humo. Vijana waliokuwa wakiokota mipira na kufagia mchanga juu ya zulia la uwanja leo wanashika raketi, wanapanga jozi zao na wanaandaa mashindano madogo ya mwisho wa wiki. Katika mashindano hayo kuna kanuni moja ambayo mara nyingi hupitishwa bila mjadala, kana kwamba ni sehemu ya uwanja wenyewe: gemu ikifika arobaini kwa arobaini, pointi moja tu huamua mshindi. Kanuni hiyo inaitwa pointi ya dhahabu, na wanaoitetea husema kwamba inaokoa muda. Naona kuwa muda inaouokoa ni mdogo kuliko inavyodhaniwa, na kwamba inachokiondoa katika mchezo wa watu wawili wawili ni kitu ambacho wachezaji wetu wanaoanza wanakihitaji kuliko wengine wote.

Ili hoja ieleweke, kwanza tuutazame mfumo wenyewe wa hesabu. Padeli ilianzishwa na Enrique Corcuera mjini Acapulco, Meksiko, mwaka 1969, ikavuka hadi Uhispania katika miaka ya 1970, na tangu 1991 ina shirikisho lake la kimataifa, FIP. Uwanja wake una urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, umezungukwa na kuta za vioo na uzio wa waya, na huchezwa na jozi mbili. Hesabu yake ilichukuliwa kutoka kwenye tenisi: 15, 30, 40, kisha gemu, gemu sita kwa tofauti ya mbili hufanya seti, gemu zikiwa sita kwa sita huchezwa taibreki, yaani gemu ya kuamua seti, ya pointi saba kwa tofauti ya mbili, na anayetangulia kupata seti mbili ndiye mshindi wa mechi.

Ngazi hizi tatu, pointi ndani ya gemu, gemu ndani ya seti, seti ndani ya mechi, ndizo zinazoufanya mfumo huu uwe tofauti kabisa na hesabu ambayo watazamaji wa viwanja vya Amaan na Gombani wameizoea. Katika mpira wa miguu bao la dakika ya tano hubaki kwenye ubao hadi filimbi ya mwisho, na mwenye mabao mengi ndiye mshindi. Katika padeli pointi hufutwa kila gemu inapokwisha, na gemu hufutwa kila seti inapokwisha, kwa hiyo jozi inaweza kushinda ikiwa na pointi chache kuliko mpinzani wake. Chukua seti iliyomalizika kwa sita kwa nne. Tuseme washindi walichukua gemu zao sita kila moja kwa pointi nne dhidi ya mbili, na gemu nne walizopoteza walizipoteza bila kupata hata pointi moja. Ukijumlisha, walioshinda seti wana pointi 24 na walioshindwa wana pointi 28. Hakuna dhuluma hapo, kwa sababu mfumo umekusudiwa kumtuza anayeshinda pointi pale zinapohitajika. Lakini ni kwa sababu hiyo hiyo kwamba namna ya kuamua pointi chache za mwisho wa gemu si jambo dogo la utaratibu. Hapo ndipo mechi inapoamuliwa.

Kabla ya kufika huko, inafaa kugusia namna pointi inavyokwisha, kwa kuwa ugomvi mwingi wa hesabu katika viwanja visivyo na mwamuzi huanzia kwenye kuta. Mpira unaopigwa kuelekea upande wa wapinzani lazima uguse ardhi yao kwanza; ukigusa kioo chao au waya wao kabla ya ardhi, mpigaji amepoteza. Ukishadunda mara moja, unaweza kugonga kioo au waya na mchezo ukaendelea, mradi usidunde mara ya pili. Mchezaji anaruhusiwa kuupiga mpira kwenye kioo cha upande wake mwenyewe ili uruke wavu, lakini haruhusiwi kuutumia waya wa upande wake kwa namna hiyo. Mpira wa kuanzisha una masharti yake: mwanzishaji huudundisha, huupiga usawa wa kiuno au chini yake, huupeleka mshazari, na ukidunda katika kisanduku cha mpokeaji kisha ukagonga waya, hilo ni kosa, ilhali ukigonga kioo ni halali. Mwanzishaji ana nafasi mbili. Mchezaji yeyote akigusa wavu mpira ukiwa bado mchezoni, pointi imekwenda kwa wapinzani. Kijana anayezijua kanuni hizi tangu mwanzo huepuka nusu ya mabishano ya uwanjani.

Sasa tuje kwenye arobaini kwa arobaini. Kwa kanuni ya asili, jozi inayoshinda pointi inayofuata hupata faida, na ikishinda nyingine mara moja huchukua gemu. Ikishindwa, wanarudi palepale, na hali hiyo inaweza kuendelea bila kikomo. Kwa pointi ya dhahabu, ambayo ziara ya World Padel Tour ilianza kuitumia mwaka 2020, inachezwa pointi moja tu, na jozi inayopokea ndiyo inayochagua kama mpira uanzishwe kwa mpokeaji wa kulia au wa kushoto. Njia ya tatu ni changa zaidi. Mwishoni mwa 2025 FIP iliidhinisha ile inayoitwa pointi ya nyota, nayo ikaanza kutumika katika mashindano ya juu msimu wa 2026: jozi hupewa nafasi mbili za kucheza kwa faida, na zikirudi kwenye sare mara ya tatu, pointi moja huamua.

Tofauti ya kanuni hizi inapimika. Tuseme jozi inayoanzisha ina uwezo wa kushinda pointi 60 katika kila 100. Hicho si kiwango cha kushangaza, kwa kuwa katika padeli anayeanzisha hupata nafasi ya kwenda wavuni na mwenzake, na anayetawala wavu ndiye anayetawala mchezo. Kwa uwezo huo, gemu 28 hivi katika kila 100 zitafika arobaini kwa arobaini. Zikifika hapo, kwa kanuni ya faida jozi hiyo itashinda mara 69 katika 100, kwa pointi ya nyota mara 67, na kwa pointi ya dhahabu mara 60 tu. Maana yake ni kwamba kanuni ya faida humpa aliye bora nafasi ya kuuthibitisha ubora wake mara mbili mfululizo, wakati pointi ya dhahabu humwachia mpira mmoja, pamoja na kila kinachoweza kuupata mpira mmoja: upepo wa kusi uliovuma ghafla, chembe za mchanga mahali ulipodunda, pembe ambapo kioo hukutana na waya.

Wapo wanaosema kwamba bahati hiyo ndiyo raha ya mchezo, na kwamba mtazamaji hupenda kuona kila kitu kikining'inia kwenye mpira mmoja. Sina ugomvi na mtazamaji. Ninachokitilia shaka ni jambo ambalo hesabu hiyo haioneshi, nalo linahusu watu wawili walio upande mmoja wa wavu.

Katika gemu ya kawaida mpira huanzishwa kulia, kisha kushoto, kisha kulia, kwa zamu. Pointi ya arobaini kwa arobaini huanzishwa kulia, na pointi ya faida huanzishwa kushoto. Kwa hiyo ili jozi inayopokea iichukue gemu kwa kanuni ya faida, ni lazima wapokeaji wote wawili wapokee mpira mzito, yaani wa pointi yenye shinikizo, mmoja baada ya mwingine, na wazishinde pointi zote mbili. Hakuna anayeweza kumficha mwenzake. Pointi ya dhahabu inaondoa ulazima huo. Kwa kuwa wapokeaji ndio wachaguzi, watamchagua aliye imara, na watamchagua huyo huyo tena na tena, gemu hadi gemu, mashindano hadi mashindano.

Niliyaona hayo kwa karibu katika fainali moja ya mashindano madogo huko mwambao wa mashariki. Jozi moja ilikuwa ya mtu mzima mwenye mkono mzuri, aliyesimama kushoto, na kijana wa skuli aliyesimama kulia, ambaye kwa mipira mirefu ya kuwapita wapinzani juu hakuwa na mpinzani uwanjani pale. Kila gemu ya wapinzani ilipofika arobaini kwa arobaini, kijana aligeuka kabla hata hajaulizwa. "Ami, hii yako." Na mtu mzima akajibu, "Haya mwanangu, kaa tayari," akapiga hatua kuelekea kioo cha nyuma na kuusubiri mpira. Alizirudisha pointi hizo vizuri, na nyingi walizishinda. Seti ya pili ilikwenda taibreki, ambako hakuna kuchagua, na sare ya tano kwa tano ilipofika, zamu ya kupokea ikamwangukia kijana. Mpira ulikuwa wa kawaida kabisa, ulidunda chini na kugusa kioo cha pembeni, na mkono wake ukakakamaa, aliupeleka wavuni. Ilikuwa mara ya kwanza jioni ile kuupokea mpira wenye uzito wa aina hiyo. Hakukosa ufundi, kwa sababu mipira kama ule alikuwa ameirudisha vizuri tangu mchezo ulipoanza. Alichokosa ni mazoea, na aliyakosa kwa sababu kanuni ilimpa ruhusa ya kuyakwepa.

Ndiyo maana naamini kwamba kanuni inayowafaa mabingwa si lazima iwafae wanaojifunza. Mchezaji wa daraja la juu ameshapokea maelfu ya mipira mizito kabla hajafika kwenye ziara ya kulipwa, na pointi ya dhahabu haimnyimi kitu alichokuwa bado anakihitaji. Kijana wa Jambiani au wa Nungwi anayeshika raketi kwa msimu wa kwanza yuko katika hali nyingine kabisa. Kwake gemu inayorudi sare mara tatu au nne ni darasa, na mwenzake aliye dhaifu zaidi ndiye mwanafunzi anayelihitaji.

Hoja ya muda ni nzito na nisingependa kuipita juu juu. Viwanja ni vichache, na saa nzuri za kucheza ni chache zaidi. Baina ya sala ya Alasiri na adhana ya Magharibi kuna takriban saa mbili na nusu, jua likiwa limepungua makali na mwanga ukiwa bado upo. Usiku taa huwashwa, lakini hasa wakati wa kaskazi unyevu hutanda kwenye vioo, na mpira huteleza ukutani badala ya kurudi kama mchezaji alivyoutegemea. Viwanja vingi vya padeli hukodishwa kwa vipindi vya saa moja na nusu, na jozi inayofuata huwa tayari imeshavaa viatu inasubiri mlangoni. Mwandaaji anayetaka mechi ziishe kwa wakati ana haki ya kutafuta njia ya mkato.

Lakini na apige hesabu ya mkato anaouchukua. Kwa uwezo ule ule wa pointi 60 katika 100, gemu inayofika arobaini kwa arobaini huhitaji wastani wa pointi zinazokaribia nne ili iishe kwa kanuni ya faida, na pointi moja kwa kanuni ya dhahabu. Kwa kuwa ni gemu tatu hivi katika kumi zinazofika hapo, seti ya gemu kumi huokoa pointi zipatazo nane. Tukikadiria nusu dakika kwa kila pointi, pamoja na kuokota mpira na kurudi mahali, hizo ni dakika nne kwa seti. Seti tatu kamili kwa kanuni ya faida zitakuwa na pointi karibu 195, sawa na dakika 97. Kwa pointi ya dhahabu zitashuka hadi pointi 171 hivi, sawa na dakika 85. Ongeza mazoezi ya kupasha mwili moto na mapumziko ya kubadilishana pande, na kipindi cha saa moja na nusu kimeshapita kwa kanuni zote mbili. Pointi ya dhahabu, kwa maneno mengine, haimalizi tatizo ililoletwa kulitatua.

Kinachokula muda ni seti ya tatu, na hapo ndipo mkato unapopaswa kufanywa. Jozi zikigawana seti mbili za mwanzo, badala ya seti nzima zicheze taibreki ndefu ya pointi kumi kwa tofauti ya mbili. Taibreki kama hiyo kwa kawaida huisha kwa pointi chini ya 20 au zaidi kidogo, yaani dakika kumi hivi, mahali pa seti ambayo ingechukua zaidi ya nusu saa. Seti mbili kwa kanuni ya faida, pamoja na taibreki hiyo, hukaribia dakika 75, na muda wa mapumziko unabaki. Tenisi ya wanaume ya wawili wawili imekuwa ikitumia taibreki ya namna hii mahali pa seti ya tatu katika ziara yake tangu 2006, ingawa yenyewe iliiunganisha na kufuta faida. Sisi hatulazimiki kuyachukua yote mawili kwa kifungu kimoja.

Najua nitaambiwa kwamba taibreki ndefu nayo hupunguza haki, kwa sababu seti nzima hubana ndani ya pointi chache. Ni kweli kwa kiasi, lakini upunguzaji huo ni wa namna nyingine. Katika taibreki kila mchezaji wa jozi huanzisha kwa zamu na kila mchezaji hupokea kwa zamu, pande hubadilishwa kila baada ya pointi sita, na kwa hiyo jua la magharibi na upepo wa baharini humpata kila mmoja kwa sehemu yake. Tofauti ya pointi mbili inabaki, na hakuna mpokeaji anayeweza kusema hii si yangu. Ikiwa lazima tukate, basi tukate mahali ambapo mzigo unabaki mabegani mwa wote wanne.

Kuhusu pointi ya nyota, nina mashaka madogo na heshima kubwa. Mashaka ni kwamba kwa wastani haiokoi sana, kwani gemu iliyofika sare bado huhitaji pointi tatu na kidogo ili iishe. Faida yake iko kwenye kikomo: baada ya sare ya kwanza haziwezi kuchezwa zaidi ya pointi tano, na mwandaaji anajua hivyo kabla mechi haijaanza. Heshima yangu inatokana na zile pointi nne za mwanzo, ambazo huanzishwa kulia, kushoto, kulia, kushoto kabla ya uchaguzi wowote, kwa hiyo wapokeaji wote wawili hupitia mtihani. Kwa mashindano ya watu wazima yenye jozi nyingi na uwanja mmoja, ningeikubali bila kusita.

Chochote kitakachochaguliwa, kitangazwe kabla ya mpira wa kwanza, kiandikwe kwenye karatasi ya ratiba, na jozi zote zikisikie kwa sauti moja. Mabishano makali zaidi ya hesabu hutokea pale jozi mbili zinapofika arobaini kwa arobaini na kila moja ikiwa na kanuni yake kichwani. Na kwa kuwa mechi nyingi za huku hazina mwamuzi, mwanzishaji ataje hesabu kwa sauti kabla ya kila mpira, akianza na pointi za upande wake, na wapinzani wapinge hapo hapo kama wana la kupinga, si pointi tatu baadaye. Siku ambayo vilabu vya Unguja na Pemba vitakaa pamoja na kuandika kanuni za mashindano yao na kuzipeleka mbele ya Baraza la Taifa la Michezo la Zanzibar, ningependa kifungu cha arobaini kwa arobaini kijadiliwe peke yake, wachezaji wakiwepo.

Na ikiwa mwalimu wa watoto bado ataona kwamba pointi ya dhahabu inamfaa, kwa sababu ana watoto 20 na uwanja mmoja, basi na aondoe uchaguzi. Jambo hilo lina mfano wake: katika tenisi ya mchanganyiko, ya mwanamume na mwanamke kila upande, pale faida inapofutwa, anayepokea pointi ya kuamua ni mchezaji wa jinsia moja na mwanzishaji, apende asipende. Kwa watoto wetu utaratibu unaweza kuwa rahisi zaidi. Pointi ya dhahabu ya kwanza katika mechi ipokelewe na aliye kulia, ya pili na aliye kushoto, ya tatu kulia tena, na mwalimu aandike zamu hizo pembeni mwa hesabu ya gemu, ili mtoto ajue mapema kwamba inayofuata ni yake.